Kuiga tanuri kwenye kompyuta kabla ya kuwasha moto: mwongozo kamili wa kutibu mbao za paleti kwa joto

Paleti ya mbao ya kubebea maua, parachichi au chai kwenda nje ya nchi kwa kawaida huhitaji mhuri wa HT (heat treatment, yaani mbao imepashwa joto ili kuua wadudu waliomo). Sharti la mhuri huo ni fupi: mbao nzima, kuanzia ngozi hadi moyo, ifike nyuzi 56 za Selsiasi na ibaki hapo au juu yake kwa dakika 30 mfululizo. Ndivyo kinavyosema kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, kilichopitishwa mwaka 2002, na hapa Kenya msimamizi wake ni KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi hupika kwa kukisia. Tanuri linawashwa jioni na kuzimwa alfajiri, na anayelipa bei ni mwenye kuni, dizeli au stima. Wengine hukosea upande wa pili: wanaona kipimajoto cha hewa kinasoma 70, wanahesabu dakika 30, wanafungua mlango, kumbe moyo wa mbao bado uko kwenye nyuzi 40.

Uigaji wa kompyuta hauchukui nafasi ya kipimajoto kilichochomekwa ndani ya mbao. Mkaguzi anataka rekodi ya joto lililopimwa, si grafu ya laptopu. Kazi ya uigaji ni kukuambia mapema upikaji utachukua muda gani, kipande gani ndicho kitakachochelewa, na ni kitu gani katika tanuri lako kinachokula muda na nishati. Kwa mbao mbichi, jibu la swali hilo la mwisho karibu kila mara ni unyevu wa hewa. Joto la hewa linafuata nyuma.

(Hapa tunazungumzia paleti. Kubadilisha mbao kwa joto la nyuzi 180 hadi 215 ili zisioze ni kazi nyingine kabisa yenye hatari ya moto, na modeli hii haiifai.)

Vitu vya kuandaa

- Laptopu yoyote yenye Python na maktaba ya numpy. Vyote ni vya bure.
- Vipimajoto vya waya vya aina ya K, au PT100, visivyopungua vinne, pamoja na kifaa cha kurekodi kila dakika moja. Chagua vyembamba, milimita 1.5 hadi 3.
- Kipimajoto kimoja cha ziada cha kuvika kitambaa cha pamba chenye maji.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, na oveni inayoweza kukaa nyuzi 103.
- Rula ya chuma au kalipa.

Hakiki vipimajoto kabla ya chochote. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji isome 0. Kwa upande wa juu, usitarajie 100 kwenye maji yanayochemka: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kati ya nyuzi 94 na 95. Fundi akirekebisha kifaa ili kisome 100 kwenye sufuria ya Nairobi, ameongeza zaidi ya nyuzi tano za uongo upande wa juu, na sehemu ya uongo huo itaonekana hata pale penye 56.

Hatua ya kwanza: ijue mbao yako

Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, kwa sababu ncha hukauka mapema. Kipime uzito, pima ujazo wake, kisha kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike tena. Kwa kawaida ni siku nzima au zaidi. Unyevu (M) ni uzito wa maji yaliyotoka kugawanywa kwa uzito mkavu, mara 100. Uzito mkavu kugawanywa kwa ujazo wa mbichi ndio uzito wa msingi. Ukiuandika kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, unapata G.

Chukua saipresi mbichi yenye G ya 0.40 na M ya 60. Namba tatu zinahitajika:

Upitishaji joto: k = G × (0.1941 + 0.004064 × M) + 0.01864. Jibu ni takriban 0.194 W/mK.

Uzito halisi: 400 × 1.6 = kilo 640 kwa mita ya ujazo.

Uwezo wa kubeba joto: mbao kavu kwenye nyuzi 40 ina takriban 1.31 kJ/kgK, maji yana 4.18. Changanya kwa uwiano: (1.31 + 4.18 × 0.6) ÷ 1.6 = 2.39 kJ/kgK.

Ukigawanya k kwa uzito na uwezo huo (kumbuka kugeuza kJ kuwa J), unapata kasi ya joto kupenya, tuiite alfa: 1.27 × 10⁻⁷ mita za mraba kwa sekunde. Kanuni ya k imekusudiwa mbao zenye unyevu chini ya asilimia 25. Juu ya hapo ni makadirio, ndiyo maana hatua ya tano haiwezi kurukwa.

Rudia hesabu hiyo kwa mbao nyingine na utaona jambo ambalo wengi hawaliamini. Saipresi iliyokauka hadi asilimia 15 inatoa alfa ya takriban 1.56 × 10⁻⁷, au 1.43 × 10⁻⁷ ukiongeza joto la ziada linalobebwa na maji yaliyoshikana na nyuzi za mbao kavu; hapa chini tunatumia hiyo ya 1.43. Mkaratusi mbichi wenye G ya 0.55 unatoa 1.24 × 10⁻⁷. Tofauti ni ndogo. Mkaratusi ni mzito na unakula nishati zaidi, lakini haucheleweshi moyo kama mafundi wanavyodhani. Kinachochelewesha ni unene, na unene huo unaingia kwenye hesabu kwa mraba wake: ukiuongeza maradufu, muda unakuwa mara nne.

Hatua ya pili: amua uso wa mbao uko kwenye joto gani

Hapa ndipo modeli nyingi huharibika. Anayeanza huandika kwamba uso wa mbao una joto la hewa ya tanuri. Kwa mbao mbichi hilo si kweli. Uso ukiwa na maji, maji yanavukiza na kuupoza, na uso unakaa karibu na joto linalosomwa na kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji. Tuliite joto la kitambaa.

Weka namba za Nairobi. Unavuta hewa ya nje ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70, unaipasha hadi nyuzi 70 bila kuiongezea mvuke wowote. Joto la kitambaa la hewa hiyo ni takriban nyuzi 28. Mbao mbichi ikikaa kwenye hewa kama hiyo, uso wake utakwama karibu na 28 hadi ukauke, na moyo hauwezi kupata joto kuliko uso unaoupasha. Shinikizo dogo la hewa la huku juu linaongeza ugumu kidogo: hewa hiyo hiyo kwenye usawa wa bahari, pale Mombasa, ingetoa karibu nyuzi 30.

Ili upate joto la kitambaa la 60 huku hewa ikiwa 70, unahitaji unyevu wa asilimia 62 hivi. Kwa 65, asilimia 79. Njia za kufika huko ni kufunga matundu ya kutolea hewa wakati wa kupasha, kuziba nyufa za mlango, kupuliza mvuke, au kunyunyiza maji laini kwenye mabomba ya moto. Tanuri lililojaa mbao mbichi na lisilovuja hujitengenezea sehemu kubwa ya unyevu huo lenyewe.

Kitambaa nacho kina hila zake. Kikikauka, kipimajoto chake kinapanda hadi joto la hewa, nawe unafurahi bure. Maji ya borehole huacha chumvi kwenye pamba na maji hayapandi tena vizuri. Tumia maji ya mvua au ya betri, badilisha kitambaa mara kwa mara, na kiweke kwenye mkondo wa hewa ya feni, si kwenye kona iliyotulia.

Hatua ya tatu: programu yenyewe

Tunagawanya sehemu ya mkato ya mguu wa paleti wa milimita 100 × 100 katika gridi ya milimita 5, yaani nukta 21 kwa 21. Kila sekunde 30, kila nukta ya ndani inapokea joto kutoka kwa majirani wanne.

```
import numpy as np
alfa, dx, dt = 1.27e-7, 0.005, 30.0
F = alfa*dt/dx**2
T = np.full((21, 21), 16.0)
muda = 0.0
shikilia = 0.0
while shikilia < 1800 and muda < 86400:
    uso = min(65.0, 16.0 + 35.0*muda/3600)
    T[0,:] = T[-1,:] = T[:,0] = T[:,-1] = uso
    K = T[1:-1,1:-1]
    T[1:-1,1:-1] = K + F*(T[2:,1:-1] + T[:-2,1:-1]
                   + T[1:-1,2:] + T[1:-1,:-2] - 4*K)
    muda += dt
    shikilia = shikilia + dt if T.min() >= 56 else 0.0
print(muda/3600)
```

Mbao inaanza na nyuzi 16, joto la kitambaa linapanda nyuzi 35 kwa saa hadi 65, kisha linakaa hapo. Programu itachapa namba iliyo karibu na saa 3.7, ikiwa ni pamoja na zile dakika 30 za kushikilia. Ikichapa 24, maana yake mbao haikufika kabisa.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, F lazima ibaki chini ya 0.25. Hapa ni 0.15. Ukipunguza dx bila kupunguza dt, namba zitaanza kurukaruka juu na chini na kutoa joto la maelfu ya nyuzi. Kosa liko kwenye hatua za muda. Pili, sharti linatumia T.min(), nukta baridi kuliko zote, badala ya nukta ya katikati. Sababu yake itaonekana tukifika kwenye stima kukatika.

Kwa mbao kavu uso hauna maji, kwa hiyo hesabu inafuata hewa na feni. Badala ya mstari wa T[0,:], andika kila upande hivi, ukiweka Ta kuwa joto la hewa:

```
T[0,:] = (h*Ta + k/dx*T[1,:])/(h + k/dx)
```

Fanya vivyo hivyo kwa pande tatu zilizobaki. Hapa k na alfa ni za mbao kavu, na h ni kipimo cha jinsi hewa inavyoupasha uso (W/m²K). Feni nzuri inayopitisha mita 2 hadi 3 kwa sekunde kati ya mbao inatoa h ya 20 hivi. Mstari huu ni makadirio. Ukitaka usahihi zaidi tumia gridi ya 41 × 41, dx ya 0.0025 na dt ya sekunde 7. Mguu mkavu wa milimita 100 kwenye hewa ya 70 utafika 56 moyoni kwa takriban saa 2 dakika 14. Punguza h hadi 10, kama ilivyo kwenye kona feni isikofika, na inakuwa saa 2 dakika 39.

Hatua ya nne: ihakiki programu kwa kalamu

Kabla ya kuiamini, ondoa upandaji (weka uso = 65.0 tu) na ulinganishe na kanuni hii, inayofaa mguu mrefu wa mraba wenye upande a (ln ni logi asilia):

muda = a² ÷ (19.74 × alfa) × ln[1.62 × (uso − mwanzo) ÷ (uso − 56)]

Kwa mbao mbichi ya milimita 100 inayoanza na nyuzi 16, moyo unafika 56 baada ya:

- joto la kitambaa 58: saa 3 dakika 55
- 60: saa 3 dakika 12
- 65: saa 2 dakika 25
- 70: saa 2 dakika 2

Programu ikitofautiana na hizi kwa zaidi ya dakika chache, tafuta kosa la vipimo: milimita zilizoandikwa kama mita, au kJ iliyosahaulika kugeuzwa. Angalia pia faida inavyopungua. Kutoka 60 hadi 65 unaokoa dakika 47. Kutoka 65 hadi 70 unaokoa 23 tu, huku mvuke na uvujaji vikipanda. Kwa matanuri mengi ya kawaida, 65 ndipo pa kusimama.

Hatua ya tano: ilinganishe na tanuri lako

Toboa shimo jembamba hadi katikati kabisa ya mguu mnene kuliko yote, katikati ya urefu wake. Chomeka waya, kisha ziba mdomo wa shimo kwa silikoni au gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Funga kipimajoto kingine kwenye uso wa mguu huo huo. Pika, ukirekodi kila dakika.

Uso ukishatulia, chukua tofauti kati ya uso na moyo. Tuseme ilikuwa nyuzi 30 na saa moja baadaye imebaki 12.2. Logi asilia ya 30 ÷ 12.2 ni 0.90, gawanya kwa sekunde 3,600 upate 0.00025. Zidisha kwa a² (0.01) na ugawanye kwa 19.74: alfa ni 1.27 × 10⁻⁷. Hiyo ndiyo alfa yako, na ina thamani kuliko ya kitabuni.

Alfa ikitoka juu ya 1.7 × 10⁻⁷, usishangilie. Mara nyingi shimo halikuzibwa na hewa moto inaingia, au ncha ya waya haiko katikati. Miguu mifupi pia hupanda haraka kwa sababu joto hupita kwa kufuata nyuzi za mbao mara 1.5 hadi 2.8 zaidi ya kuzikata. Modeli ya mkato haihesabu ncha, na kosa lake liko upande wa usalama. Alfa ikishuka chini ya 1.0 × 10⁻⁷, mbao haina hatia: kagua kama mguu unagusana na mwingine.

Hatua ya sita: sasa itumie

Jaribu kwanza mpangilio wa mbao. Miguu minne ikigusana inakuwa mguu mmoja wa milimita 200 × 200, na kwa joto la kitambaa la 65 zile saa 2 dakika 25 zinakuwa saa 9 dakika 40. Vijiti vya milimita 20 hadi 25 kati ya safu ni vya bei ndogo kuliko kifaa chochote utakachonunua. Ziba pia nafasi juu na kando ya rundo kwa maturubai au vibao, la sivyo hewa inapita pembeni na kuacha katikati.

Paleti iliyokwisha kupigiliwa nayo si sawa na vipande vyake. Mguu wa 100 ukiwa na ubao wa milimita 22 juu na mwingine chini una kimo cha 144. Badilisha gridi iwe (21, 30) na utaona muda unapanda hadi karibu saa 3 dakika 16. Ikiwezekana, tibu vipande kabla ya kupigilia, na mbao nyembamba zipikwe peke yake. Kuzichanganya na miguu ni kuzilipia masaa ambayo hazikuyahitaji.

Kisha piga hesabu ya nishati, kwa sababu kompyuta itakubali mpango ambao jiko lako haliwezi. Mita moja ya ujazo ya saipresi mbichi kutoka 16 hadi wastani wa 62 inataka takriban kWh 19.5, kavu, takriban 11. Mita 10 mbichi ni kWh 195. Jiko la kW 60 litahitaji zaidi ya saa tatu na robo kwa mbao peke yake, kabla ya kuta, sakafu na nyufa. Hapo upandaji wa nyuzi 35 kwa saa ni ndoto. Weka kwenye programu kasi ambayo rekodi yako inaonyesha.

Na kila kilo ya maji inayovukizwa inakula takriban kWh 0.65. Mbao ikipoteza unyevu wa asilimia 5 tu, ni kilo 20 kwa mita ya ujazo, kWh 13. Yaani kuacha matundu wazi kunaweza kugharimu theluthi mbili ya kazi yote ya kupasha, bila kumsogeza mdudu hata mmoja karibu na kifo.

Endesha programu tena kwa hali mbaya kuliko zote: mwanzo wa nyuzi 12 kwa asubuhi ya Julai, mguu mnene kuliko wa kawaida kwa milimita 5, na joto la kitambaa la kona baridi. Kona hiyo itafute kwa kuzungusha vipimajoto; mara nyingi iko chini karibu na mlango, au upande ambako hewa inarudi kwenye feni. Humo ndimo kipimajoto cha rekodi kinapokaa.

Stima ikikatika

Hili ni la kuigwa mapema. Katikati ya dakika 30, feni zinasimama. Moyo wa mbao haushuki mara moja. Unaweza hata kuendelea kupanda kidogo. Uso ndio unaoanguka kwanza, na kiwango kinataka mbao nzima iwe 56 au zaidi. Ukitazama kipimajoto cha moyo peke yake utadhani uko salama. Ndiyo sababu ya T.min(): weka uso = 50.0 kwa dakika kumi katikati ya kushikilia, na saa ya programu itarudi sifuri. Kwenye tanuri, fanya vivyo hivyo: stima ikirudi, subiri uso na moyo vyote vipite 56, kisha hesabu dakika 30 upya na uandike kwenye rekodi saa iliyokatika na saa iliyorudi.